Fungate Juu ya Matanga 42

*Royal Clipper ni meli ya kifahari isiyo na kasino wala lifti, na vyumba vyake wengine wataviita vidogo. Kwa nini basi wapenzi wanailipia dola elfu kadhaa kwa wiki? Na je, wewe na mwenzako mnaiweza?*

Tuanze na pesa, maana ndiko ugomvi wa wapenzi wengi unakoanzia. Mambo ya kwetu unayajua. Kamati ya harusi inakaa vikao miezi mitatu, michango inakusanywa kwa kadi, kwa simu na kwa vitisho vidogovidogo vya kirafiki, halafu ukumbi, mapambo, MC, keki ya ghorofa na gari la bibi harusi vinameza kila kitu usiku mmoja. Fungate inabaki ya kuokoteza. Siku mbili hoteli ya ufukweni, Jumatatu bwana yuko ofisini anajibu simu.

Siku hizi wako maharusi wanaoligeuza jambo hili. Wanapunguza wageni, wanakata mapambo, wanajiwekea akiba kwa ajili ya safari yao wawili tu. Wengine husubiri hadi mwaka wa tano au wa kumi wa ndoa, watoto wamekua kidogo na bibi yao amekubali kukaa nao, ndipo wanasema sasa zamu yetu. Na kwenye orodha ya ndoto zao, pamoja na Paris na Dubai, siku hizi utakuta safari ya meli.

Ukisema safari ya meli, wengi picha inayowajia ni ile nyumba nyeupe ndefu kama mtaa mzima. Icon of the Seas, iliyoanza kazi mwaka 2024, inaweza kubeba abiria 7,600. Huo ni mji unaoelea, una mabwawa, maduka, migahawa na kumbi za maonyesho, na mtu anaweza kumaliza wiki nzima bila kuiangalia bahari. Hakuna ubaya. Nina rafiki ambaye kwake likizo bila maduka si likizo, na huyo ningempeleka huko huko.

Lakini kuna chombo kingine, na ndicho ninachotaka tukiangalie hapa, maana wapenzi wanakitaja kwa sauti ya chini kama siri.

Milingoti mitano

Royal Clipper inachukua abiria 227. Wafanyakazi wake ni zaidi ya 100, yaani kila abiria wawili wana karibu mtu mmoja anayewahangaikia. Ina urefu wa mita 134, kwa hiyo ni ndefu kuliko uwanja wa mpira wa miguu. Ina milingoti mitano, na milingoti hiyo inabeba matanga 42. Kitambaa chote ukikishusha na kukitandaza kinapita mita za mraba 5,000, karibu robo tatu ya uwanja huo huo wa mpira. Na si meli ya makumbusho. Malkia Silvia wa Sweden aliipa jina huko Monaco mwezi Julai 2000, na tangu hapo imekuwa ikibeba watu wa likizo, majira ya joto katika Mediterania na miezi ya baridi ya Ulaya katika Karibi.

Aliyeitaka meli hii ni Mikael Krafft, raia wa Sweden, mgonjwa wa mashua tangu utotoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati karibu kila mtu katika biashara ya meli aliona matanga ni hadithi ya mababu, yeye alishusha majini meli mbili za matanga za abiria: Star Flyer mwaka 1991 na Star Clipper mwaka uliofuata, kila moja ikiwa na milingoti minne. Hakutosheka. Alitaka mitano.

Kwa nini mitano? Kwa sababu ya meli moja ya Kijerumani iliyoitwa Preussen. Hiyo ilishushwa majini mwaka 1902, na katika historia ilikuwa ndiyo meli pekee ya milingoti mitano yenye matanga ya mraba kwenye kila mlingoti, mpaka Royal Clipper ilipotokea karibu miaka 100 baadaye. Preussen haikuwa na injini wala abiria wa fungate. Kazi yake ilikuwa kuzunguka ncha ya Amerika Kusini, Cape Horn, mahali ambapo mawimbi hayana adabu, kwenda Chile kupakia chumvi ya mbolea na kuirudisha Ulaya. Ilikuwa na mbio kiasi kwamba ndizo zilizoiponza. Mwezi Novemba 1910, katika mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, meli ya mvuke iitwayo Brighton ilijaribu kukatiza mbele yake. Waliokuwa kwenye meli ya mvuke hawakudhani kwamba chombo cha matanga kinaweza kuja kasi vile. Wakagongana. Preussen ikaishia kwenye miamba karibu na Dover, na huko ikafia. Mabaharia walipona.

Bodi ya Royal Clipper yenyewe ina historia ya kuachwa njiani. Ilianza kujengwa Gdansk, Poland, kwa jina la Gwarek, neno la zamani la Kipolandi lenye maana ya mchimba madini. Mradi ule haukufika mwisho. Krafft akaichukua bodi, mbunifu wa Poland Zygmunt Choreń, fundi wa meli za matanga anayeheshimika sana, akachora upya, na kazi ya ndani ikamaliziwa Uholanzi. Kwa hiyo bibi harusi huyu mwenye shela 42 alishawahi kuachwa kabla ya ndoa. Nasema tu.

Upepo hauna bosi

Kama umekulia Pwani, au umewahi kupanda jahazi Lamu au Zanzibar, kuna mambo utayaelewa haraka kuliko abiria wa Ulaya. Tanga la jahazi ni la pembetatu, limefungwa kwenye foromali moja ndefu iliyoinama. Nahodha akitaka kwenda kule upepo unakotokea, anapiga bisho: huku kidogo, kule kidogo, mpaka anafika. Royal Clipper nayo ina foromali, lakini zimelala mlalo, moja juu ya nyingine, na matanga yake 26 kati ya yale 42 ni ya mraba. Tanga la mraba linapenda upepo wa nyuma. Upepo ukiwa mgongoni au ubavuni, chombo kinakwenda kama kinasukumwa na mkono. Ukija usoni, linahangaika kuliko hata jahazi.

Zamani mabaharia walipanda juu kabisa, kwa mikono mitupu na kwenye mvua, kwenda kukunja tanga lililojaa upepo. Wengi walianguka na kufa. Kwenye Royal Clipper matanga ya mraba yanajikunja ndani ya foromali kwa mota, kama pazia la roli la ofisini. Lakini kamba bado ni kamba, na ukikaa sitahani saa za kutweka utawaona mabaharia wakikimbia huku na huku, wakivuta na kufunga, na winchi zikilia. Si maonyesho ya kuwafurahisha wageni.

Sasa niseme jambo ambalo picha haikuonyeshi. Meli hii ina injini, na inazitumia. Ratiba inasema kesho asubuhi tuko kisiwa fulani, na upepo haujasoma ratiba. Zipo siku mtakwenda kwa matanga matupu, kimya, mnasikia maji tu yakipita ubavuni. Zipo siku matanga yatatwekwa na injini ikasaidia. Na zipo usiku mtalala kwa mngurumo wa injini kama meli nyingine yoyote. Umeme wa jikoni, wa taa na wa viyoyozi hautoki kwenye upepo hata siku moja. Anayewauzia safari kwa kuwaambia ni wiki nzima ya upepo mtupu, mwambieni apunguze chumvi.

Ndiyo maana nasema anayenunua tiketi ya meli hii ananunua zile saa ambazo upepo umekubali. Chakula kizuri kipo hata hoteli ya mjini kwenu, na mashuka meupe pia. Lakini saa ile nahodha anaamuru injini izimwe haipatikani kwenye mji unaoelea kwa bei yoyote, na wala huwezi kuiwekea miadi.

Hapa ndipo pana mtihani wa wapenzi. Kuna watu, na pengine mmoja wao unalala naye, ambao kila kitu lazima kiende kwa saa. Kifungua kinywa saa moja, matembezi saa tatu, picha saa tano. Hali ya bahari ikichafuka, nahodha anaweza kuruka kisiwa mlichokuwa mnakisubiri, au boti ndogo za kuwapeleka nchi kavu zisishushwe. Mtu wa aina hiyo atanuna mpaka chakula cha jioni, tena atakununia wewe, kwa sababu nahodha hanuniki. Mwingine atasema, haya, basi leo tulale kwenye wavu. Mkiwa mmoja ni huyu na mwingine ni yule, zungumzeni kabla hamjalipa.

Kuhusu huo wavu

Puani mwa meli kuna mlingoti uliolala, unaochomoza mbele juu ya maji. Chini yake pande zote mbili wamefunga wavu imara, na abiria wanaruhusiwa kulala humo bahari ikiwa tulivu. Mko wawili mmejilaza, chini yenu hakuna sakafu, kuna kamba tu, na chini ya kamba maji ya buluu yanakatwa na pua ya meli. Siku ya bahati pomboo wanakuja kucheza hapo hapo chini ya mgongo wako. Ningeambiwa nichague jambo moja tu la meli hii, ningechagua wavu. Mengine yote mnaniachia.

Jioni meli inapong'oa nanga kuna desturi ambayo wageni huizungumzia hata miaka baadaye. Taa zinawashwa kwenye milingoti, matanga yanaanza kufunguka moja baada ya jingine, na vipaza sauti vinapiga muziki wa Vangelis kutoka filamu ya mwaka 1992 iliyomhusu Columbus, 1492: Conquest of Paradise. Mtu mwenye roho ngumu atasema ni mbwembwe. Ni mbwembwe kweli. Lakini watu wazima wenye vyeo vyao husimama pale sitahani wakitazama juu, midomo wazi, na mikono inatafutana yenyewe.

Abiria wanaopenda wanaweza kuvaa mikanda ya usalama na kupanda mlingotini mpaka kwenye jukwaa la mlinzi, hali ya hewa ikiruhusu. Chumba cha nahodha hakifungwi; mnaingia, mnaangalia ramani, mnauliza maswali. Mara kwa mara asubuhi nahodha mwenyewe hukusanya wageni sitahani akawasimulia habari za bahari na meli za zamani. Usiku hakuna kasino wala ukumbi wa maonyesho kama wa Las Vegas. Kuna baa, kuna piano, kuna wafanyakazi wanaoimba, na kuna (usicheke) mashindano ya kaa, kila mgeni akimshangilia kaa wake kama yuko uwanja wa taifa.

Mabwawa ya kuogelea ni matatu. Moja lina sakafu ya kioo, na chini yake ndipo ulipo ukumbi mkubwa wa ghorofa tatu unaoshuka mpaka chumba cha kulia chakula. Jua linapita kwenye maji ya bwawa, mwanga unachezacheza ukutani. Chini zaidi kuna ukumbi uitwao Captain Nemo, wenye vidirisha vilivyo chini ya usawa wa bahari. Nyuma ya meli, kwenye shetri, jukwaa linashushwa mpaka kwenye maji: kayaki, mashua ndogo za tanga, miwani ya kutazama samaki, vyote bila malipo ya ziada. Kupiga mbizi kwa mitungi ya hewa ndiko hulipiwa.

Na kwa kuwa chombo si kikubwa, kinafika mahali ambapo ile miji inayoelea haifiki, au ikifika inajaza mji mzima watu. Safari za Italia hupita Amalfi, Lipari, Taormina, na usiku huwapitisha karibu na Stromboli, mlima wa volkano unaotema moto katikati ya bahari. Fikiria hiyo. Giza, matanga, na kila baada ya muda mlima unakohoa cheche nyekundu. Kule Karibi safari huanzia Barbados na kuzunguka visiwa vidogovidogo ambavyo majina yake hujapata kuyasikia.

Ndoa iliyojenga meli

Siwezi kuzungumza na wapenzi juu ya meli za matanga nikaacha kisa cha Sea Cloud. Hii si ya kisasa, lakini bado inabeba wageni mpaka leo, wasiozidi 64, na ndani yake kuna funzo ambalo kila mtu atalitafsiri kwa namna yake.

Mwaka 1931, huko Kiel, Ujerumani, ilishushwa majini meli ya milingoti minne iliyoitwa Hussar. Wenyewe walikuwa mke na mume Wamarekani. Mke ni Marjorie Merriweather Post, aliyerithi utajiri wa kampuni ya vyakula vya nafaka. Mume ni E. F. Hutton, mtu wa hisa na fedha wa Wall Street. Mume alishughulika na chombo chenyewe. Mke akashika mambo ya ndani, na alikuwa si mtu wa kubahatisha: inasimuliwa kwamba alikodi ghala Brooklyn, akachora vyumba sakafuni kwa ukubwa wake halisi, akapanga fanicha mojamoja mpaka akaridhika. Chumba chake kina sehemu ya moto ya marumaru na mabomba ya dhahabu yenye umbo la bata maji. Cha mume kimejaa mbao nyeusi, kiume kabisa. Ndiyo, umesoma vizuri. Vyumba viwili.

Miaka minne baadaye walitalikiana. Mke akabaki na meli. Mwaka huo huo wa 1935 akaolewa na Joseph Davies, akaibadilisha meli jina kuwa Sea Cloud, na Davies alipoteuliwa balozi wa Marekani katika Umoja wa Kisovieti, meli ikaja Leningrad na kutumika kuwakirimu wageni wa ubalozi.

Vita vilipokuja ikakodishwa kwa serikali ya Marekani kwa dola moja kwa mwaka. Milingoti ikang'olewa, ikapakwa rangi ya kijivu, ikaenda kupima hali ya hewa na kulinda bahari. Hapo likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitarajia kwenye kitanda cha kifahari cha tajiri. Mwishoni mwa 1943 nahodha kijana, Carlton Skinner, alipewa nafasi ya kujaribu wazo lake la kuchanganya mabaharia weusi na weupe kwenye kazi zote, maafisa kwa askari, wakati jeshi la Marekani bado linatenganisha watu kwa rangi. Ikawa meli ya kwanza ya namna hiyo katika jeshi la nchi ile tangu vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Mmoja wa waliotumikia humo ni Jacob Lawrence, ambaye ni miongoni mwa wachoraji wakubwa wa Kiafrika wa Marekani.

Mwaka 1955 ikaangukia mikononi mwa Trujillo, dikteta wa Jamhuri ya Dominika. Ikabadilishwa majina, ikatelekezwa, ikafufuliwa na Wajerumani wa Hamburg, na tangu 1979 inachukua watalii. Kile chumba cha Marjorie bado kipo, kinakodishwa. Wapenzi wanalala humo, kwenye chumba kilichopangwa kwa upendo wote na mwanamke ambaye ndoa yake haikumaliza miaka mitano tangu meli ishuke majini. Mie nadhani ningelala vizuri tu. Mwenzangu anasema asingelala.

Kabla hamjalipa

Chumba cha kawaida kwenye Royal Clipper kina takriban mita za mraba 14, pamoja na bafu. Vipo vidogo kuliko hivyo, na vipo vikubwa vyenye baraza lake kwa wenye pochi nene. Mita 14 ni chumba cha kupanga cha kawaida pale mtaani. Ni pazuri, mbao zinang'aa, bafu lina marumaru, lakini mkigombana hakuna pa kwenda kununia isipokuwa sitahani, mbele za watu 200. Bibi harusi mwenye masanduku manne aache matatu. Nguo za heshima za jioni zinatosha, tai hailazimishwi. Na ulizeni mapema kama kitanda ni kimoja kikubwa au ni viwili, maana kuna vyumba vya namna mbalimbali, na hakuna kitu kinachokatisha tamaa kama kufika fungate mkakuta pengo katikati.

Lifti hakuna. Mjamzito, mwenye goti bovu au mzee mliyeamua kumchukua awabariki, wote watapanda ngazi. Kulewa bahari kupo. Mwanzoni hata mabaharia wengine huwakuta. Chagueni chumba cha katikati ya meli na cha chini, ndiko kunakotikisika kidogo. Nunueni dawa kabla ya kuondoka, mbebe na tangawizi. Kama hamna uhakika na matumbo yenu, jaribuni nusu siku kwenye jahazi hapa hapa nyumbani, msimu ambao bahari imechafuka kidogo. Ni bei ya chakula cha jioni, na mtajua mengi.

Bei ya tiketi huhesabiwa kwa kila mtu, si kwa chumba. Chakula na malazi vimo. Vinywaji, matembezi ya nchi kavu na bahashishi za wahudumu havimo, na hapo ndipo bajeti za watu huchanika. Wekeni kiasi cha pembeni, mkubaliane nani anasaini baa. Nauli ya ndege nayo ni habari nyingine.

Halafu viza. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda atahitaji viza ya Schengen kwa safari za Italia, na kama meli itatoka nje ya eneo hilo kisha irudi, viza ya kuingia mara moja haitoshi. Kule Karibi, Martinique na Guadeloupe ni Ufaransa lakini haziko ndani ya Schengen, kwa hiyo msijidanganye kwamba viza moja inafunika yote. Ndege nyingi za kwenda Barbados hupitia Ulaya au Marekani, na viwanja hivyo vina masharti yake hata kwa mpita njia. Anzeni miezi mingi kabla. Wapo maharusi ambao fungate yao imeishia dirishani ubalozini.

Msimu nao si wa kubahatisha. Vimbunga vya Atlantiki hutarajiwa kati ya Juni na Novemba, na ndiyo sababu meli huwa Ulaya miezi mingi ya hiyo.

Kwa wanaojiamini

Kila mwaka Royal Clipper lazima ivuke Atlantiki mara mbili, kuhama kutoka bahari moja kwenda nyingine, na safari hizo nazo zinauzwa. Kwa hesabu ya siku moja moja mara nyingi huwa nafuu. Siku nyingi mfululizo hamtaona nchi kavu. Hakuna bandari, hakuna matembezi, laini ya simu haishiki. Ninyi wawili, vitabu, wavu wa puani na bahari pande zote.

Kama mtaichagua, chagueni ya kwenda, ile ya vuli, kutoka Ulaya kuelekea Barbados. Sisi tumezoea upepo unaogeuka, kaskazi miezi hii na kusi miezi ile. Katika sehemu hiyo ya Atlantiki upepo hutoka kaskazini mashariki karibu mwaka mzima, na ndio uliozisukuma meli za matanga karne nyingi. Ukielekea Karibi uko mgongoni, mahali hasa tanga la mraba linapoupenda. Safari ya kurudi masika ni ya kubishana nao, na injini hufanya kazi zaidi.

Kuna zawadi moja ndogo kwenye safari hiyo ya kwenda magharibi. Kila baada ya siku chache, usiku, saa za melini hurudishwa nyuma saa moja ili zilingane na jua, kwa hiyo mnapata siku kadhaa zenye saa 25. Hiyo ya ziada haimo kwenye ratiba ya mtu yeyote. Mtaitumiaje, hayo ni yenu wawili na mlango mfunge.